Kuoka Mkate Nyumbani kwa Ajili ya Misaada ya Kibinadamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sisi ni waokaji kumi na mmoja wa mtaa mmoja mjini Mombasa, wengi wetu tukiwa na oveni moja ya jikoni na mizani ndogo ya kupimia unga. Tangu mwisho wa mwaka 2023 tumekuwa tukioka kila Alhamisi usiku, tukiuza Ijumaa asubuhi, na faida yote tukiipeleka kwa watu waliofikwa na mafuriko, ukame au vita. Maswali yaliyo hapa tumeulizwa na majirani, na wanunuzi, na zaidi na watu wa miji mingine wanaotaka kuanza kazi kama hii kwao.

Kwa nini mkate? Harambee ya kawaida haitoshi?

Harambee ina nguvu zake, na hatusemi iachwe. Mwaka 2011, ukame ulipowabana watu wa kaskazini, kampeni ya Kenyans for Kenya iliweka lengo la kukusanya shilingi milioni 500 katika wiki nne, na lengo hilo likavukwa, kwa sehemu kubwa kwa sababu mtu aliyekuwa na shilingi kumi katika simu aliweza kuzituma. Lakini harambee hupoa. Picha zikiondoka katika taarifa ya habari, michango nayo hukatika, ilhali aliyebomokewa na nyumba bado analala darasani.

Mkate haupoi kwa namna hiyo, kwa sababu watu huununua kila wiki hata kama hakuna janga lolote. Jirani anayekunywa chai kwa mkate kila asubuhi haombwi atoe fedha mpya. Anaombwa tu kwamba zile atakazozitoa Ijumaa zipitie mkononi mwetu. Tumeona watu ambao hawajawahi kuchangia harambee hata moja wakinunua mikate miwili kila Ijumaa kwa muda wa mwaka mzima, bila kuonyesha dalili ya kuchoka.

Je, mnawapelekea waathiriwa mkate wenyewe?

Hapana, isipokuwa walio karibu sana nasi. Tulijifunza hili kwa kosa letu wenyewe, na tunalieleza kwa kirefu kwa sababu karibu kila kikundi kinachoanza huwaza kama tulivyowaza sisi.

Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoufurisha mto Tana, tulioka mikate 140 kwa usiku mmoja, tukatumia pakiti 20 za unga, na tukampata mwenye lori aliyekubali kuibeba mpaka Garsen, safari ya zaidi ya kilomita 200. Tulikuwa na haraka, hivyo mikate mingi tuliifunga kwenye mifuko ya plastiki ikiwa bado na joto. Barabara ilikuwa imefunikwa na maji, lori likasimama njiani, na mzigo ukafika siku ya tatu. Mmoja wetu alikuwa amefuatana nao. Alipofungua katoni la kwanza alikuta matone ya maji yamejipanga ndani ya kila mfuko, na juu ya ganda la mkate madoa ya kijani yenye ukubwa wa punje ya dengu. Iliyofaa kuliwa haikufika hata nusu.

Mama mmoja mzee aliyekuwa amehamia kambini na wajukuu wake alimshika mkono mwenzetu akamwambia, «Mwanangu, Mungu awalipe, lakini unga waja kwa mashua na dukani upo. Tusicho nacho ni pesa ya kuununua.» Maneno hayo ndiyo yaliyobadili kazi yetu yote. Nauli ya lori peke yake ingewanunulia unga watu wengi kuliko wale waliopata mkate siku ile, na duka la pale lingebaki na biashara yake. Tangu hapo mkate tunauuza hapa mtaani, na kinachosafiri ni fedha.

Jambo hili si ugunduzi wetu. Mashirika makubwa yalilifikia zamani. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza mwaka 2015 mpango uitwao Bamba Chakula, ambapo sehemu ya mgao ilitumwa kwa simu na mkimbizi akanunua chakula alichokitaka kwa wafanyabiashara waliokuwa kambini, wakimbizi kwa wenyeji. Mtu akishika fedha yake mwenyewe huchagua, na huenda akachagua mtama, au maziwa ya mtoto, au unga wa ngano aoke mwenyewe.

Basi ni wakati gani inafaa kutoa mkate wenyewe?

Inafaa pale ambapo mlaji yuko umbali wa safari ya bodaboda. Mvua kubwa za Aprili na Mei 2024 zilipowatoa watu majumbani, familia kadhaa za maeneo ya kwetu zilihifadhiwa katika shule, zikiwa hazina jiko wala sufuria. Mkate uliokatwa slesi, ukiletwa asubuhi pamoja na birika la chai, hauhitaji moto wala chombo, na ulikuwa msaada wa kweli. Tuliupeleka kwa siku nne, hadi mipango ya kupika ilipokamilika, kisha tukaacha.

Nchini Marekani, eneo la Seattle, kuna mfano tunaouheshimu wa Community Loaves, ulioanza mwaka 2020 wakati wa korona. Waokaji wa nyumbani huoka kwa vipimo vya aina moja walivyokubaliana, kila mtu jikoni kwake, wakaileta mikate mahali pa kukusanyia, nayo ikapelekwa katika maghala ya chakula ya maeneo yao hayo hayo. Mpango huo unafaulu kwa sababu umbali ni mfupi, siku inajulikana, na anayepokea amesema mapema kwamba anahitaji mkate.

Mkate mmoja unaleta faida kiasi gani?

Kidogo kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo maana hesabu inapaswa kuwa ya kweli tangu mwanzo. Bei hubadilika, kwa hiyo chukueni tarakimu hizi kama mfano tu. Tuseme pakiti ya unga ya kilo 2 ni shilingi 180, hamira 35, sukari 15, mafuta 25, chumvi 2, gesi au umeme 60, mifuko saba 35, na sehemu yenu ya nauli ya bodaboda 20. Jumla ni 372. Pakiti hiyo hutoa mikate saba ya gramu 400, yaani kila mkate umegharimu shilingi 53 na senti chache. Mkiuuza kwa 100, mnapata 700, na kinachobaki ni 328.

Sasa tazameni kinachotokea mkate mmoja usiponunuliwa. Faida inashuka hadi 228, yaani karibu theluthi imepotea kwa mkate mmoja. Ndiyo sababu hatuoki mkate ambao haujaagizwa. Kufikia Jumatano jioni kila mwokaji huwa na orodha ya wanunuzi wake kwenye WhatsApp, nasi tunanunua unga kwa kuifuata orodha, bila kubahatisha. Waokaji kumi na mmoja wakioka pakiti moja kila mmoja hupata, kwa mfano huu, shilingi 3,608 kwa wiki. Kwa wiki arobaini na nane hizo ni zaidi ya shilingi laki moja na sabini elfu, na hakuna aliyechangia zaidi ya bei ya mkate wake.

Gesi ndiyo gharama inayosahaulika kuliko zote, kwa kuwa mtungi ni ule ule wa nyumbani. Mwokaji asiyeihesabu huona faida kubwa kwenye daftari, na mwisho wa mwezi mumewe au mama yake huuliza mtungi umeishaje kabla ya wakati. Pimeni mara moja kwa makini: uwekeni mtungi juu ya mizani kabla na baada ya kuoka, tofauti ndiyo gesi mliyotumia.

Mnatumia vipimo gani vya mkate?

Kwa pakiti moja ya unga wa ngano ya kilo 2 tunatumia maji lita 1.2, chumvi gramu 36, sukari gramu 100, mafuta gramu 80, na hamira kavu ya chembechembe gramu 20. Mwokaji hupima kila kitu kwa kuulinganisha na unga: maji ni asilimia 60 ya unga, chumvi 1.8, hamira 1. Ukizishika asilimia hizo huhitaji kuandikiwa vipimo vipya unapooka kwa unga mwingi zaidi au mchache.

Donge likandwe kwa mkono dakika kumi na tano hivi, mpaka kipande kidogo ukikivuta kati ya vidole kinakuwa chembamba kama utando na mwanga unapita bila kukatika. Liache liumuke mpaka lifikie ukubwa mara mbili, ligawe vipande vya gramu 450, viviringe, vitie katika mabati yaliyopakwa mafuta, viumuke tena, kisha oka kwa nyuzijoto 200 kwa dakika thelathini hivi. Kipande cha gramu 450 hutoa mkate wa gramu 400 kwa sababu maji hupotea ndani ya oveni. Baada ya vipande saba hubaki donge la gramu 286, ambalo hutosha skonzi sita ndogo. Hizo hatuziuzi, ni za watoto wanaotusaidia kukunja mifuko.

Hapa Pwani adui ni joto. Mwezi wa Machi jiko la Mombasa usiku linaweza kuwa na nyuzijoto 30, na donge lililokandwa kwa maji ya bomba huumuka upesi mno, likawa na harufu ya uchachu na mkate ukaporomoka katikati. Tunatumia maji ya friji na tunapunguza hamira hadi gramu 14. Miezi hiyo pia tunaongeza kijiko kimoja cha chakula cha siki kwa kila kilo ya unga, kwa sababu katika joto na unyevu mkate unaweza kuharibika kwa ndani, ukiukata unanata na kuvuta nyuzi kama bamia. Uharibifu huo huletwa na bakteria ambao mbegu zake hustahimili moto wa oveni, na siki huwazuia.

Baada ya kilichotupata Garsen tuna sharti moja lisilovunjwa: mkate haufungwi mfukoni mpaka upoe kabisa juu ya wavu, na hilo huchukua saa mbili au zaidi. Aliyechoka usiku wa manane na alale, mkate utamngoja mpaka alfajiri.

Sina oveni. Naweza kushiriki?

Ndiyo. Wawili kati yetu huoka kwa jiko la mkaa. Sufuria nzito yenye mchanga mkavu chini huwekwa jikoni, bati la mkate huwekwa juu ya mchanga, kifuniko hufunikwa na mkaa hutiwa juu yake. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, la sivyo kitako huungua kabla uso haujawa na rangi. Hutoka mkate mmoja au miwili kwa wakati mmoja, basi huwachukua usiku mrefu, lakini wapo wanunuzi wanaoupendelea kwa ajili ya harufu ya moshi.

Pia si lazima iwe boflo. Mkate wa sinia, mkate wa kumimina, mkate wa ufuta, na mkate wa mofa kwa wenye tanuri la udongo, yote hununuliwa kwa bei nzuri, hasa Ramadhani. Mofa wa mtama una faida nyingine, kwamba hautegemei ngano inayotoka ng'ambo.

Je, hamuwaharibii biashara akina mama wanaoishi kwa kuoka?

Hili ni swali zito kuliko yote, na aliyetuuliza kwanza alikuwa mama anayeuza maandazi na mkate wa sinia kwenye kona ya mtaa wetu. Kazi ya huruma inayomwondolea mtu riziki ya watoto wake ina kasoro ndani yake. Tulikaa naye tukakubaliana mambo matatu. Bei yetu iwe juu ya ya kwake daima, isiwe chini hata siku moja. Tusiuze barabarani, ila kwa walioagiza. Na maandazi tusioke kabisa, kwa kuwa hayo ndiyo chakula chake. Wanunuzi wetu wakiyataka, tunawapa namba yake. Siku hizi ni yeye anayetununulia hamira kwa jumla, kwa sababu anapata bei ambayo sisi hatuipati, na faida yake ya hapo anaichukua kama mfanyabiashara.

Nao waokaji wetu hawalipwi. Lakini kama kikundi chenu kina mtu ambaye mkate ndio kazi yake ya kula, mlipeni ujira wake na muuhesabu katika gharama. Kumtaka maskini atoe jasho la bure sawa na mwenye mshahara si usawa.

Tunahitaji kibali?

Nchini Kenya, anayeandaa chakula cha kuuza anatakiwa awe na cheti cha afya cha mshika chakula, kinachopatikana baada ya kupimwa na hufanyiwa upya kila baada ya miezi sita, na kaunti hutoa leseni ya usafi wa vyakula kwa mahali pa kazi. Mkate wa kupakiwa na kuwekwa madukani unahitaji pia alama ya ubora ya KEBS, yaani shirika la viwango la Kenya, na ndiyo maana sisi hatupeleki madukani. Kukusanya michango kwa umma kuna sheria yake pia, Sheria ya Makusanyo ya Umma, inayodai leseni. Mpishi anayeuza mkate wake kisha akatoa faida yake yuko katika hali tofauti na anayepita na kopo la michango, lakini mpaka huo ni mwembamba, basi nendeni mkamwone afisa wa afya ya umma wa wadi na ofisi ya kamishna kabla ya kutangaza. Sisi tulipokelewa vizuri, na afisa aliyekuja kutukagua alitufundisha mengi kuhusu kuhifadhi unga mbali na panya. Nchini Tanzania masuala ya usalama wa chakula yako chini ya shirika la viwango la huko, TBS, tangu mwaka 2019, basi walio Tanzania waanzie hapo.

Andikeni viambato juu ya kila mfuko, hasa mayai, maziwa, ufuta na karanga. Mwenye mafua au tumbo la kuendesha haoki wiki hiyo, awe na maagizo mangapi.

Fedha mnampa nani, na mnajuaje kwamba zimefika?

Kwa majanga ya hapa nchini tunatuma kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, lililoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965 na lenye watu wa kujitolea katika kila kaunti, au kwa kamati ya kijiji tunayoifahamu kwa majina na nyuso. Sharti letu ni kwamba anayepokea awe alikuwapo kabla ya janga na atakuwapo baada yake. Shirika lililozaliwa jana kwa ajili ya janga la jana tunalipita.

Kila Jumamosi mweka hazina hupiga picha ukurasa wa daftari na kuituma kwa wanunuzi wote: pakiti ngapi, mikate mingapi, gharama, faida, ujumbe wa M-Pesa unaothibitisha malipo. Wiki ambayo oveni mbili ziliharibika tukapata shilingi 900 tu, tulizituma picha vilevile. Wanunuzi hawakupungua, wawili waliongeza maagizo. Fedha haikai kwenye simu ya mtu zaidi ya siku saba, na namba inayopokea hushikwa na watu wawili.

Mkiwasaidia waathiriwa wa vita, hamtaonekana mmechagua upande?

Mtu mwenye njaa hana upande. Mwezi wa Juni 1859, baada ya mapigano ya Solferino nchini Italia, wanawake wa mji wa Castiglione waliwahudumia majeruhi wa majeshi yote bila kuuliza walikotoka, na aliyoyaona huko Henri Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi, ndiyo yaliyozaa Msalaba Mwekundu mwaka 1863. Sisi tunaishika kanuni hiyo kwa udogo wetu: fedha ya mkate haiendi kwa chama cha siasa wala kwa kundi lenye silaha, na haibagui kabila wala dini. Mwezi mmoja iliwaendea waliokimbia vita vya Sudan, vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023. Mwezi mwingine iliwaendea Wakongo waliohama makwao baada ya Goma kutekwa Januari 2025. Katika kikundi chetu wamo watu wenye maoni makali kuhusu vita hivyo, na wanabishana huku wakikanda. Donge halijali.

Tunaweza kutumia picha za waathiriwa kutangaza mkate?

Tunawasihi msifanye hivyo. Kanuni za maadili walizokubaliana Msalaba Mwekundu, Hilali Nyekundu na mashirika mengine mwaka 1994 zinasema, katika kifungu cha kumi, kwamba katika matangazo waathiriwa waonyeshwe kama binadamu wenye heshima yao, wala si kama vitu visivyo na tumaini. Mtoto anayelia kwenye picha hakuombwa ruhusa, na atakuwa mtu mzima siku moja. Tangazeni mkate kwa picha ya mkate, na fedha kwa picha ya daftari.

Je, kununua mkate kwenu kunahesabiwa kuwa zaka au fungu la kumi?

Hapana. Mnunuzi ametoa fedha na amepata mkate, hiyo ni biashara. Zaka ina masharti yake na wanaostahiki kupewa wametajwa, hivyo mwenye zaka aulize wanazuoni na aitoe kando. Anayependa kuongeza shilingi hamsini juu ya bei kama sadaka tunaziandika katika safu ya peke yake.

Bei ya unga ikipanda itakuwaje?

Itapanda, kwa sababu Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje. Mwaka 2022, vita vilipofunga bandari za Ukraine, bei ya unga ilipanda hadi kwenye maduka ya mitaani kwetu. Mwaka 2024 pendekezo la kuutoza mkate kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 liliondolewa baada ya malalamiko makubwa ya wananchi, jambo linaloonyesha jinsi mkate ulivyo karibu na moyo wa nyumba. Unga ukipanda, tunaiandika hesabu mpya na kuwaonyesha wanunuzi kabla ya kupandisha bei. Kupunguza uzito wa mkate kimyakimya ni dhuluma, na mizani ya mnunuzi yeyote itaifichua.

Je, fedha zetu zaweza kuwasaidia walio katika janga waoke wao wenyewe?

Zaweza, na panapowezekana ndilo tunalolipenda zaidi. Nchini Ukraine, kampeni ya Bake for Ukraine iliyoanza mwaka 2022 huwachangisha wapenda mkate wa nchi nyingine ili viwanda vidogo vya mikate vya huko viendelee kuwalisha majirani zao. Nchini Sudan, watu wa mitaa wamejiunga katika vikundi vya dharura vinavyoendesha majiko ya pamoja yaitwayo takaya, na sehemu ya fedha zake hutoka kwa Wasudani wa ughaibuni wanaotuma kidogo kidogo.

Lakini tanuri peke yake halitoshi. Gaza ilituonyesha hilo: baada ya vivuko kufungwa tarehe 2 Machi 2025, haukupita mwezi mmoja viwanda vyote 25 vya mikate vilivyokuwa vikisaidiwa na Mpango wa Chakula Duniani vikawa vimesimama, waokaji wakiwapo na matanuri yakiwapo, kwa kukosa unga na mafuta ya kuwashia. Kwa hiyo kabla ya kumnunulia mtu oveni, muulizeni unga anaupata wapi, maji yanatoka wapi, moto ni wa nini, na nani atanunua. Familia moja ya wakimbizi tuliyoifahamu kupitia ndugu zao walio Mombasa ilituomba oveni. Tulipouliza maswali hayo, ilionekana kwamba jirani yao alikuwa na tanuri linalokaa bure nusu ya siku, na walichohitaji ni mtaji wa magunia mawili ya unga na hamira. Tuliwatumia mtaji huo, na magunia ya tatu na ya nne waliyanunua wao.

Mikate isiyochukuliwa mnaifanyia nini?

Mnunuzi asipofika hadi saa nne asubuhi tunampigia simu. Asipopatikana, mkate hupewa mlinzi wa usiku au wazee wawili wanaoishi peke yao mwisho wa mtaa, nasi tunaandika katika daftari kwamba umetolewa, pamoja na gharama yake ya shilingi 53. Uliobaki mpaka Jumamosi hukatwa vipande, hukaushwa kwa joto dogo la oveni inayopoa na kuwa tosti za chai, ambazo zikifungwa vizuri hukaa wiki mbili bila kuota ukungu hata katika unyevu wa hapa kwetu.

Anayetaka kuanza aanze na nini?

Aanze na pakiti moja na wanunuzi saba walioahidi kwa majina. Aoke Alhamisi mbili kwa ajili ya nyumba yake kwanza, apime kila kitu, aujue ukaidi wa oveni yake na kona inayounguza. Alhamisi ya tatu auze. Daftari lifunguliwe siku ile ile, na ukurasa wa kwanza uandikwe jina la atakayepokea fedha, kabla ya shilingi ya kwanza kuingia.